Spika za Waingereza: wabadilishe au waziache kama zilivyo?

Najua nimekaa kimya muda mrefu mpaka wengine mmeanza kuulizana kama nimehama au nimerudishwa kwa ndege ya serikali. Hakuna lolote, ni zamu za usiku tu. Mbeba maboksi hana wikiendi.

Leo naongelea spika. Ndiyo, spika za muziki. Shemeji yangu wa Morogoro, yule fundi redio ambaye wengi wenu mmeshampelekea kitu kikakaa kwake miezi mitatu (samahani shemeji, lakini hapa tunasema kweli), amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba nzima. Kasikia kwamba kuna viwanda Uingereza vinauza spika za boksi la mbao, umbo lile lile la miaka ya 1970, kwa zaidi ya pauni 2,000 kwa jozi, na kwamba kila kiwanda kikigusa kitu kidogo wateja wanakuja juu. Anauliza: "Shemeji, hao watu wana akili timamu kweli? Kitu cha miaka hamsini si wakibadilishe tu wamalize?"

Upande wa pili ninaye mzee mmoja Mwingereza, tunafanya naye kazi ghalani, kabakiza mwaka mmoja astaafu. Huyu ni mgonjwa wa spika. Kwake yeye hata kubadilisha rangi ya kitambaa cha mbele ni dhambi. Anasema waliobuni walishamaliza, waliokuja nyuma yao kazi yao ni kunakili tu.

Mimi niko karibu zaidi na shemeji, lakini si kwa sababu anazozitoa yeye. Ngoja niwaeleze, na mnivumilie maana kuna historia kidogo.

Kwanza mjue kwa nini mimi mtu wa sabufa nimeanza kujali mambo haya. Nyumba zetu huku zimebanana, ukuta mmoja mnautumia wewe na jirani. Ukipiga chafya anakujibu. Ukifungulia muziki saa nne usiku kama tulivyozoea uswahilini, kwanza atagonga ukuta, akichoka kugonga atakushtaki halmashauri, na wanakuandikia barua kweli. Kwa hiyo mtu unajifunza kusikiliza kwa sauti ya chini. Na kwa sauti ya chini ndipo spika mbovu inapoumbuka. Sabufa ukiipunguza inabaki inaguna kama mtu mwenye njaa, maneno ya mwimbaji huyasikii. Nikaanza kutafuta spika ndogo inayosema maneno. Ndipo nikakutana na hizi za ukoo wa BBC.

Sasa historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 BBC, hao hao wa Dira ya Dunia, walikuwa na shida. Walipotoka na magari yao kwenda kurusha matangazo nje ya studio, humo garini hapakuwa na nafasi ya spika kubwa, na kusikiliza kwa hedifoni hakukuwaridhisha mafundi mitambo. Idara yao ya utafiti ilikuwa na kaspika kadogo kalikotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa: kupima mifano ya studio na kumbi za muziki, mifano midogo mara nane kuliko jengo lenyewe, ili wajue jengo litasikikaje kabla ya kulijenga. Wakakachukua hako, wakakarekebisha, kakapewa jina la LS3/5.

Angalieni hapa, maana ndipo hoja yangu ilipo. Walitengeneza chache tu za kwanza, halafu kampuni ya KEF iliyokuwa ikiwauzia koni na twita (twita ya spika, ile inayotoa sauti nyembamba, siyo ule mtandao wa zamani) ikabadilisha bidhaa zake kidogo. Spika zilizofuata hazikulingana na zile za mwanzo. Ikabidi wahandisi wa BBC wakae chini, wapange upya saketi ya ndani inayogawa sauti, nzito iende kwenye koni na nyembamba iende kwenye twita. Hiyo iliyopangwa upya ndiyo LS3/5A ambayo dunia nzima inaisujudu. Ile herufi A mwishoni maana yake ni marekebisho! Mzee wangu wa ghalani anaabudu marekebisho bila kujua. Nilipomwambia alininunia mpaka mapumziko ya chai.

Kenyewe ni kadogo, shemeji ungekacheka. Urefu kama sentimita 30, upana 19, kwenda nyuma 16. Ukigonga boksi kwa kidole unaona ni jepesi, na najua ungesema "hapa wamechakachua mbao". Hawakuchakachua. BBC walifanya utafiti wakaona kwamba boksi nene na gumu nalo linalia, ila linalia kwenye eneo la sauti ya mtu, na likianza haliachi haraka. Wao wakachukua mbao nyembamba, ndani wakabandika tabaka la lami maalumu. Boksi likitikisika linatikisika chini kabisa, mbali na sauti ya mtu, na linanyamaza upesi. Leo kuna viwanda vya Marekani kama Magico vinavyotengeneza boksi la alumini lililokazwa kwa skrubu, nao wana hoja zao. Ukweli ni kwamba njia zote mbili zimefika.

Mkubwa wa utafiti huo wa spika pale BBC alikuwa anaitwa Dudley Harwood. Na huyu ndiye mtu ninayetaka mumjue, kwa sababu kampuni ninayoiongelea leo, Harbeth, ni yake. Aliianzisha mwaka 1977 alipoondoka BBC. Jina lenyewe kaunganisha Harwood na Elizabeth, mkewe. (Wenzetu wa Spendor nao vilevile, Spencer na Dorothy. Naona mafundi wa BBC walikuwa waume wazuri. Fundi wa Morogoro angeita duka lake jina gani? Dada atajibu.)

Kwa nini mtu aliyetumikia BBC miaka yote hiyo aanzishe kiwanda? Kwa sababu alikuwa na badiliko mkononi. Zamani koni za spika zilikuwa za karatasi. Karatasi nyie mnaijua, hasa mlioko Tanga na Unguja: inavuta unyevu, leo haifanani na jana, na koni hii haifanani na ile. BBC hawakuweza kukubali hilo, maana fundi wa Manchester na fundi wa London lazima wasikie kitu kimoja. Miaka ya 1960 wakahamia kwenye plastiki iitwayo Bextrene, ndiyo iliyomo hata kwenye LS3/5A. Ilikuwa bora kuliko karatasi, lakini nayo ilikuwa na kilio chake, ikabidi ipakwe dawa juu ili itulie. Harwood akaja na plastiki nyingine, polipropilini. Hiyo ni plastiki ya ukoo wa vile viti vyeupe mnavyokodi kwenye harusi na misiba! Nyepesi, inanyamaza yenyewe, haihitaji kupakwa sana. Akatengeneza koni kwa hiyo, na ndiyo msingi wa Harbeth.

Kwa hiyo kampuni ambayo wateja wake leo wanalia "msiguse, msiguse" ilizaliwa kwa sababu mtu mmoja aligusa. Asingegusa, angestaafu akalima maua kama wazee wengine wa huku, na sisi tusingekuwa na la kubishania.

Haikuishia hapo. Miaka ya 1980 Harwood akamwachia kampuni mhandisi mwingine, Alan Shaw, na huyu miaka ya 1990 akaleta koni mpya ya mchanganyiko wao wenyewe, wakaipa jina RADIAL. Yaani hata polipropilini ya mwanzilishi waliiweka pembeni. Na mwanzoni mwa muongo huu tulionao wakaleta toleo wanaloliita XD: boksi lile lile, kwa mbali huoni tofauti, mabadiliko mengi yako kwenye saketi ya kugawa sauti. Ndilo lililoleta kelele anazozisikia shemeji.

Sasa nisiwatendee vibaya wanaopinga, maana wana hoja nzito na mzee wangu siyo mjinga.

Hoja yao ni hii. Spika ya namna hii mtu hainunui kama simu. Anaweka akiba miaka, ananunua mara moja, anataka afe nayo. Kilichomvutia ni jinsi inavyotoa sauti ya mtu, na hiyo haionekani kwenye karatasi ya vipimo. Wahandisi wa BBC walikuwa na desturi nzuri sana: mtu anaongea chumbani, mwenye sauti hiyo hiyo anasikika kwenye spika, unalinganisha kwa masikio yako. Muziki unaweza kukudanganya kwa sababu hukuwepo siku unarekodiwa. Sauti ya mtu unayemjua haikudanganyi. Basi, anasema mzee, kama spika ya mwaka 1990 ilipita mtihani huo, hiyo mpya inapita mtihani gani zaidi? Au ni mtihani wa kunitoa pesa mfukoni?

Nimejaribu mwenyewe. Nina rekodi za zamani za bendi zilizorekodiwa Redio Tanzania, Mbaraka Mwinshehe na wenzake, na nina za Bi Kidude. Zile rekodi hazina besi ya maana, sabufa haina la kufanya pale. Lakini sauti ya Bi Kidude ule mkwaruzo wake, ile pumzi anavyoivuta kabla ya neno, kwenye spika ndogo nzuri unamwona bibi amekaa mbele yako na sigara yake. Nikibadilishiwa spika halafu bibi akaondoka, na mimi ningepiga kelele. Hilo nalielewa kabisa.

Ila mzee anasahau kitu kimoja, na ni kitu ambacho fundi yeyote wa Kariakoo anakijua kuliko yeye: vipuri vinakwisha. Huwezi kukataa mabadiliko kama huna mgodi wako mwenyewe. LS3/5A ilitengenezwa kwa leseni na kampuni nyingi, Rogers, Spendor, Harbeth, Goodmans na nyingine, lakini wote walitegemea koni na twita za KEF. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tayari ilibidi ipangwe upya tena kwa sababu zile koni zilikuwa zimeanza kutofautiana na vipimo vya mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 KEF wakaacha kabisa kuzitengeneza. Basi! Spika inayosemwa "isiguswe" ikafa yenyewe, siyo kwa sababu ya kukosa wateja, ila kwa kukosa koni.

Baadaye ilifufuka. Kuna kampuni ndogo inaitwa Falcon Acoustics, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Malcolm Jones, mtu ambaye alikuwa KEF na ndiye aliyebuni ile koni na ile twita. Falcon wakatengeneza upya koni na twita hizo kwa kufuata za zamani, wakapata leseni ya BBC, leo unaweza kununua LS3/5A mpya kabisa. Nawavulia kofia. Lakini oneni ilivyohitaji: mbunifu mwenyewe awe bado yupo na kumbukumbu zake ziwepo. Ni bahati. Kampuni haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea bahati. Harbeth walijua mapema kwamba koni lazima watengeneze wenyewe, na kutengeneza koni yako mwenyewe ni kubadilika, hakuna jina lingine.

Na KEF wenyewe? Wao walichagua kubadilika kwa hatua ndefu. Mwaka 1988 walileta mtindo wa kuiweka twita katikati ya koni, sauti zote zitoke sehemu moja. Mwaka 2012, wakiadhimisha miaka 50, wakatoa spika ndogo LS50, wakisema imetokana na roho ya LS3/5A, lakini ukiiangalia huoni mbao wala kitambaa, ina uso uliobinuka kama tumbo la mjamzito. Mwaka 2020 wakaiboresha tena kwa kuweka nyuma ya twita kisahani chenye njia nyembamba za kuzungukazunguka kama mazeri, kinachomeza sauti isiyotakiwa. Nimeisikia dukani. Ni nzuri, jamani. Mzee hataki hata kuingia hilo duka.

Kwa hiyo kubadilika ni lazima, kilichobaki ni mwendo. Na hapa nampenda sana mzee mwingine, marehemu Peter Walker wa kampuni ya Quad, mji wa Huntingdon. Mwaka 1957 (mwaka ule ule Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza) alianza kuuza spika ambayo haikuwa na koni kabisa. Ilikuwa ni utando mwembamba wa plastiki umetandazwa katikati ya bamba mbili zenye matundu, umeme wa nguvu kubwa unauvuta na kuusukuma utando wote kwa pamoja. Kwa sura ni kama hita ya umeme. Watu walishangaa jinsi ilivyo safi. Mtu mwingine angetoa toleo jipya kila Krismasi. Walker alianza kufikiria ya pili mwaka 1963, na aliitoa sokoni mwaka 1981. Miaka kumi na minane! Akaiita ESL-63, kwa mwaka aliouanza kazi. Na ile ya kwanza aliendelea kuiuza pembeni yake mpaka mwaka 1985, anayeipenda aichukue.

Huo ndio mwendo ninaoutaka. Mtu anabadilisha kwa sababu kapata jambo, halafu hamfukuzi mwenye cha zamani.

Kinyume chake tunakiona kila siku. Kuna viwanda, siwataji, kila baada ya miaka miwili mitatu wanaongeza herufi mwishoni mwa jina: S, SE, S2, Signature, Anniversary. Ukifungua ndani ni waya umebadilishwa rangi na bei imepanda. Shemeji, huu ndio mchezo ule ule wa sabufa za Kariakoo, wanabandika "5000W" kwenye boksi ambalo hata wati hamsini halitoi. Wenzetu wanabandika kwa herufi nzuri zaidi, basi. Na anayeumia ni aliyenunua mwaka juzi, maana jozi yake imeshuka bei siku toleo jipya linatangazwa, wakati sauti yake haijashuka hata chembe.

Halafu kuna hatari mpya ambayo mzee hakuwa nayo ujanani: spika zenye kompyuta ndani. Unaunganisha na simu, hakuna waya, hakuna amplifaya pembeni. Raha sana. Lakini Januari 2020 kampuni ya Marekani ya Sonos ilitangaza kwamba vifaa vyake vya zamani havitapata tena maboresho ya programu kuanzia Mei, na wateja wakawaka moto, kwa sababu spika zao zilikuwa nzima, koni nzima, twita nzima. Na Mei 2024 hao hao wakabadilisha programu ya kwenye simu, toleo jipya likatoka likiwa na mapungufu mengi kuliko la zamani, ikawa aibu kubwa mpaka mkurugenzi mkuu akaachia ngazi Januari 2025. Wale hawakukatazwa kubadilika. Walibadilika vibaya, na vitu vya watu vilikuwa majumbani mwao tayari.

Ndiyo maana nasema Harbeth, Spendor na wenzao wabadilishe koni, wabadilishe saketi, wakitaka wabadilishe hata mbao wakipata bora. Lakini wasiingize kompyuta ndani ya boksi. Amplifaya ibaki nje, kompyuta ibaki nje. Kompyuta inazeeka kwa miaka mitano, koni ya plastiki inaishi miaka arobaini. Ukivifungia kwenye boksi moja, anayekufa mapema anamzika mwenzake.

Jambo hili kwangu si la mazungumzo ya chai tu. Baba yangu, mnamjua Mwalimu, masikio yameanza kumtupa. Redio anaisikia lakini maneno hayapati. Wadogo zangu walimnunulia sabufa kubwa ili asikie vizuri, matokeo yake nyumba inatetemeka na mzee bado anauliza "amesema nini?" Besi inafunika maneno. Mwaka jana nilipokuja likizo nilibeba jozi ndogo ya mitumba ya ukoo huu, ya miaka ya 1990, nikaiunganisha na amplifaya ndogo. Mzee akasikiliza taarifa ya habari nzima bila kuuliza neno, halafu akaanza kumsahihisha mtangazaji Kiswahili chake. Mama akasema afadhali tungemwacha na sabufa.

Sasa swali langu ni la mtu mwenye baba: hizo spika zikiharibika Morogoro, itakuwaje? Joto la huko si la Sussex. Ukingo wa koni ukiwa wa sponji, mnajua wenyewe, miaka kumi unakuwa unga. Hizi zina ukingo wa mpira, nina matumaini, lakini koili ikiungua je? Kiwanda kikisema "hiyo ni ya zamani, nunua toleo jipya", mimi pauni 2,000 natoa wapi na huku nabeba maboksi? Kiwanda kikisema "twita ya modeli hiyo ipo, tunakutumia", au hata "hiyo ya zamani imekwisha lakini hii mpya inaingia, badilisha kidhibiti hiki kwenye saketi", shemeji anachukua bisibisi yake na kazi inakwisha (baada ya miezi mitatu).

Hapo ndipo ninapompima mtengeneza spika. Simuulizi kama anabadilika. Namuuliza: yule aliyenunua kwako miaka ishirini iliyopita ukimbadilishia mambo anabaki na nini mkononi? Michoro ya saketi anaweza kuipata? Koni unamuuzia? Au siri ya kampuni? Viwanda vidogo vya huku vingi vina uungwana huo, unapiga simu anapokea mtu aliyeiunganisha kwa mikono yake. Wakubwa wakishanunuliwa na makampuni ya mbali uungwana huo ndio wa kwanza kupotea, ingawa si wote. Quad leo iko mikononi mwa wenye mali Wachina, IAG, na spika za ule mtindo wa Walker bado wanaziuza.

Shemeji, kwa hiyo jibu lako ni: ndiyo, wabadilishe. Lakini usiwacheke wanaolia. Wengi hawalilii mbao. Wanaogopa kuachwa, na wameshaachwa na watu wengi, wa simu, wa magari, wa mashine za kufulia. Ukiwahakikishia vipuri, nusu ya kelele zitakwisha siku hiyo hiyo. Nusu nyingine ni wakusanyaji wanaotafuta zile Rogers za kibandiko cha dhahabu waziweke kabatini, hao hawana dawa.

Na wewe pia nina ombi kwako. Ukifungua zile za Mwalimu kwa udadisi wako (najua utazifungua), usibadilishe kidhibiti chochote kwa kukisia. Piga picha saketi, nitumie, namba zilizoandikwa zionekane. Nina mpango wa kuandikia kiwanda kuulizia twita moja ya akiba na koni moja, niziweke kwenye begi safari ijayo. Wakinijibu nitawaambieni hapa walichosema na bei waliyonipa.

Kwa leo naishia hapa, saa tatu usiku lazima niwe ghalani na mzee wa watu ananisubiri na gazeti lake la spika. Nisalimieni bibi, na anayekuja huku mwezi ujao asinisahau, dagaa wa Kigoma na unga wa muhogo. Maoni yenu nayasubiri, hasa nyie wa sabufa.